Adhabu ya kifo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Wanaotuuliza maswali haya wengi ni ndugu wa washtakiwa: wametoka mahakamani, au wako njiani kwenda gereza la Karanga au la Kisongo na mfuko wa sabuni mkononi. Wengine ni wanafunzi wenye mdahalo Ijumaa, na wachache ni ndugu wa marehemu, ambao swali lao ni zito kuliko yote. Sheria tumeieleza kama ilivyo. Pale tulipotoa maoni utajua kuwa ni maoni, maana hatukuyaficha.

Kwani Tanzania bado inanyonga watu?

Inahukumu, hainyongi. Mara ya mwisho mtu kunyongwa kwa amri ya mahakama ilikuwa 1994, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi. Mkapa alimaliza miaka yake kumi, Kikwete akamaliza yake, akaja Magufuli, akaja Samia, na kitanzi hakijatumika. Usije ukadhani sheria imefutwa. Hakuna tamko rasmi la kusitisha wala Bunge halijaifuta adhabu hii. Kilichopo ni marais wasiotia saini. Mahakama Kuu, Kanda ya Moshi na ya Arusha, zinaendelea kuwasomea watu kwamba watanyongwa hadi kufa.

Makosa gani yanabeba adhabu hiyo?

Mauaji ya kukusudia na uhaini. Wanajeshi wana makosa yao ya ziada chini ya sheria ya ulinzi. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo, na mwanamke mjamzito hupewa kifungo cha maisha. Kwa vitendo, karibu wote waliohukumiwa kifo wako huko kwa mauaji.

Kwa nini jaji asitoe tu adhabu nyingine akiona inafaa?

Kwa sababu hana ruhusa. Kanuni ya Adhabu, kwenye kile kifungu cha 197 ambacho kila wakili wa jinai anakijua kwa kichwa, inataja adhabu moja tu kwa mauaji ya kukusudia.

Chukua mfano wa kaka wawili wa Rombo. Baba amefariki, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa kwa maneno mbele ya wazee, hakuna karatasi. Mpaka ni mstari wa mimea ya masale. Asubuhi moja mdogo anakuta masale yameng'olewa na kupandwa hatua mbili ndani ya upande wake. Anamfuata mkubwa, maneno yanakuwa makali, panga la kukatia majani ya ng'ombe linatumika, mtu anakufa.

Jaji akiona mdogo alighadhibishwa pale pale na hakuwa na nafasi ya kutulia, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Hapo mlango wote uko wazi: anaweza kumwachia kwa masharti, anaweza kumpa miaka mitano, anaweza kumpa maisha. Lakini jaji huyo huyo akiona kwamba mdogo alirudi nyumbani kwanza kufuata panga, na kwamba alipiga kichwani na si mkononi, atasema nia ovu ilikuwepo. Hapo adhabu ni kitanzi tu. Kati ya miaka mitano na kamba kumebaki swali la dakika chache zile alikuwa wapi, na nani alimwona.

Mtu akishatiwa hatiani, utaratibu unamtaka wakili wake aseme lolote la kumpunguzia adhabu. Ukikaa mahakamani siku hiyo utamsikia akisimama na kusema kwa sauti ya chini kwamba adhabu ni moja, hana la kuongeza. Mshtakiwa ana watoto sita, hajawahi kuiba hata kuku, alijisalimisha mwenyewe kituoni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa. Hata mtu anayeunga mkono adhabu ya kifo anapaswa kukerwa na hili, kwa sababu linamfanya jaji kuwa msomaji wa tangazo.

Kama hakuna anayenyongwa, tatizo liko wapi?

Mtu aliyehukumiwa kifo hajui kwamba hatanyongwa. Anajua tu kwamba hajanyongwa bado. Akisikia buti za askari koridoni saa isiyo ya kawaida, hana namna ya kujua zinakwenda kwa nani. Mamia ya watu wanaishi hivyo, na jina la gereza la Isanga, Dodoma, ndugu zao wanalitaja kwa sauti ya chini.

Septemba 2017, Magufuli alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema hadharani kwamba kutia saini hati ya kumnyonga mtu ni jambo gumu kwake na akaomba asipelekewe majina. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo aliwaachia huru wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, na baadhi yao walikuwa wazee waliokaa ndani kwa miongo. Watu walifurahi, na sisi tulifurahi. Ila tazama lilivyo jambo lenyewe: Jamhuri inasema kwa mdomo wa jaji kwamba mtu huyu lazima afe, kisha Jamhuri hiyo hiyo kwa mkono wa Rais inamfungulia geti aende nyumbani. Katikati hapakuwa na adhabu yoyote iliyopimwa. Tukiulizwa kasoro kubwa ya mfumo wetu ni ipi, tunataja hiyo. Tumekuwa na adhabu ambayo hatuna ujasiri wa kuitekeleza wala wa kuifuta, na mtu wa chini ndiye anayekaa kwenye huo ufa.

Ile mahakama ya Arusha ilishaifuta, si ndiyo?

Hapana, ila ilikaribia, na shauri lenyewe lilitoka hapa hapa kwetu.

Watu watano walihukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu Moshi mwaka 2011. Mahakama ya Rufani ikikaa Arusha ikawakatalia rufaa 2013. Kwa kawaida safari ingeishia hapo, lakini wao walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ile iliyo kwenye majengo ya TANAPA, barabara ya Dodoma. Mwaka 2015 wakafungua shauri namba 7, na tarehe 28 Novemba 2019 wakapata hukumu.

Mahakama ilisema mambo mawili makubwa. La kwanza, kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kumruhusu kupima mazingira ya mtu na kosa lake kunavunja haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika. La pili, kunyonga kama namna ya kutekeleza adhabu kunavunja utu wa mtu, Ibara ya 5. Tanzania ikaagizwa kuondoa ulazima huo kwenye sheria zake ndani ya mwaka mmoja, na kuwasikiliza tena wale watano kuhusu adhabu. Haikusema adhabu ya kifo yenyewe ni haramu, wala haikuwaachia huru. Tangu hapo imerudia msimamo huo kwenye mashauri mengine kadhaa ya Watanzania.

Mwaka ule mmoja ulipita, kifungu kikabaki palepale.

Na kuna jambo ambalo waulizaji wengi hawalijui. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililokuwa likiwaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kujiondoa kulianza kufanya kazi baada ya mwaka, Novemba 2020. Kwa hiyo leo mkazi wa Arusha anaweza kupita mbele ya geti la mahakama hiyo kwa daladala kila siku na asiweze kufungua shauri dhidi ya serikali yake ndani yake. Mahakama ni mgeni wetu, mlango wake si wetu tena.

Shauri la Mbushuu ni lipi? Mwalimu wetu wa sheria alilitaja.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye nusu: ndiyo, ni adhabu ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini Katiba, Ibara ya 30, inaruhusu haki kubanwa kwa maslahi ya umma. Hapo ndipo tulipokwama. Mwaka huo huo wa 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliisoma hukumu yetu, ikaijadili, ikaamua kutoifuata, na ikaifuta adhabu ya kifo kwao.

Waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda walishtakiwa Arusha. Mbona hawakunyongwa?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na sisi wa Arusha ndio tunaopaswa kulijibu.

Mahakama ile iliyokaa AICC, jengo la mikutano ya kimataifa la Arusha, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, na adhabu yake kubwa kabisa ilikuwa kifungo cha maisha. Rwanda wakati huo ilikuwa na kiti kwenye Baraza hilo. Ilikuwa imeomba mahakama iundwe, kisha ikapiga kura ya hapana peke yake, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hakutakuwa na adhabu ya kifo. Hoja yao ilikuwa wazi: wakubwa waliokimbilia nje watashtakiwa Arusha na kufungwa, wadogo waliobaki Rwanda watashtakiwa huko na kuuawa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Aprili 1998 Rwanda iliwapiga risasi watu 22 mbele ya umati. Septemba mwaka huo, Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa mauaji, baada ya kukiri mwenyewe, alihukumiwa Arusha kifungo cha maisha. Aliyeshika panga alikufa. Aliyekuwa mkuu wa serikali akaishi. Ukitafuta mfano wa jinsi adhabu hii isivyowaangukia watu sawasawa, huu hapa, na ulitokea mtaani kwetu.

Kilichofuata ndicho ambacho wengi hawakukitarajia. Rwanda ilitaka baadhi ya mashauri yahamishwe kutoka Arusha yakasikilizwe Kigali, na hilo lisingewezekana adhabu ya kifo ikiwa kwenye vitabu vyake. Mwaka 2007 ikaifuta adhabu ya kifo. Nchi iliyozika watu wake kwa laki nyingi, yenye kila sababu ya kutaka damu kwa damu, ilifuta. Sisi tuliokuwa wenyeji wa mahakama bado tunayo.

Je, si inawatisha wahalifu?

Hilo halijathibitishwa popote. Marekani, ambako wamefanya tafiti nyingi kuliko wengine, Baraza lao la Taifa la Utafiti lilipitia tafiti hizo mwaka 2012 na kusema haziwezi kutumika kusema kwamba adhabu ya kifo inapunguza mauaji, wala kwamba haipunguzi. Kanada iliifuta 1976, na kiwango cha mauaji hakikupanda baada ya hapo, kilishuka.

Kwetu sisi kipimo kipo karibu zaidi. Tunayo adhabu kali kuliko zote, na bado kila mtu anajua sauti ya "Mwizi!" ikipigwa sokoni kinachofuata ni mawe, tairi na petroli, kisha taarifa ya polisi kuhusu wananchi wenye hasira kali. Watu wale hawafanyi hivyo kwa kuona adhabu za mahakama ni ndogo. Wanaamini mtu atapelekwa kituoni asubuhi na jioni watakutana naye kilabuni. Wanachodai ni uhakika wa kukamatwa na kuhukumiwa, na kitanzi hakiongezi hata kidogo cha hicho.

Mtu akishathibitishwa bila shaka, kuna ubaya gani?

Ubaya uko kwenye hilo neno "akishathibitishwa". Njoo tuone linavyothibitishwa.

Mauaji mengi ya vijijini hutokea usiku. Shahidi ni mke wa marehemu au mtoto aliyeamka. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliweka masharti ya kumtambua mtu: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, palikuwa na mwanga gani, alikuwa akimfahamu kabla. Kwa hiyo majaji watatu hukaa kwenye rufaa ya mtu aliyehukumiwa kifo wakiulizana kuhusu taa. Ilikuwa chemli au koroboi? Ilikuwa mezani au imetundikwa? Shahidi alisema tu "kulikuwa na mwanga", au alieleza ulikuwa mkali kiasi gani? Na je, alimtaja mtuhumiwa kwa mtu wa kwanza kufika, balozi au mwenyekiti wa kitongoji, au jina lilikuja baada ya siku tatu za msiba na minong'ono?

Watu wameachiwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ya taa. Hiyo ni sifa kwa majaji wetu. Lakini kila mmoja wa hao alikuwa ameshathibitishwa bila shaka na mahakama ya chini, na alikuwa ameshavaa nguo za waliohukumiwa kifo.

Ongeza mengine. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana, atakaa mahabusu akisikia "upelelezi haujakamilika" mpaka ajue sura za askari wote wa zamu. Maelezo yake ya onyo aliyaandika akiwa kituoni bila wakili. Wakili aliyepewa na serikali mara nyingi anakutana naye mara ya kwanza kesi ikiwa imeshakaribia kusikilizwa. Marekani wana maabara na fedha kuliko sisi, na tangu 1973 watu wapatao 200 waliohukumiwa kifo wameonekana baadaye hawakustahili hatia hiyo. Sisi hatujahesabu wa kwetu.

Msimamo wetu unatoka hapa. Hatusemi hakuna mtu anayestahili kufa. Tunasema dola yenye mafaili ya namna hii haistahili kuua.

Dini zinasemaje?

Kila upande una aya zake. Anayetaka kitanzi atakusomea Mwanzo 9, amwagaye damu ya mwanadamu; asiyetaka atakusomea Mwanzo 4, Kaini na alama aliyowekewa asiuawe. Kanisa Katoliki lilibadili Katekisimu yake mwaka 2018 chini ya Papa Fransisko, likasema adhabu ya kifo haikubaliki. Kwa Waislamu kisasi kipo, lakini aya hiyo hiyo ya Al-Baqara, ya 178, inawapa ndugu wa marehemu nafasi ya kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Angalia jambo hilo la mwisho: sheria yetu ya Jamhuri haimpi mjane wala yatima nafasi hiyo. Ndugu wa marehemu akisema mahakamani "nimesamehe", karani ataandika, na adhabu itabaki ile ile.

Na mila zetu? Wazee hawakuwa wakiua wauaji?

Inategemea wazee wa wapi na zama zipi. Wamaasai na Waarusha wana malipo ya damu, na hesabu inayojulikana ni ng'ombe 49. Wachagga wana jani la isale, anayelipeleka anaomba msamaha, na kulikataa si jambo jepesi mbele ya ukoo. Hatusemi kila kitu kilikuwa shwari, maana mamangi, watawala wa Wachagga, nao walikuwa na ukali wao.

Kitanzi cha serikali kililetwa na Wajerumani, na Moshi inakikumbuka kwa tarehe: 2 Machi 1900, Old Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Kilimanjaro na Meru, kwa tuhuma za kupanga uasi. Mafuvu yakapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliunganisha fuvu moja na familia ya akida wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Waingereza walipochukua nchi walileta sheria zao, na kamba ikabaki.

Waliowaua watu wenye ualbino nao wasinyongwe?

Hapa hatuna jibu jepesi, na anayekuambia analo hajakaa na mzazi wa mtoto aliyekatwa mkono. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ikikaa Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo, kwa wanaume watatu. Hakuna aliyenyongwa. Ikiwa kuna kosa ambalo lingemfanya mpinzani wa kitanzi ayumbe, ni hili, sisi tumeyumba.

Kinachoturudisha ni kwamba waliokamatwa mara nyingi ni wakataji. Mganga aliyeagiza na tajiri aliyelipa hawaonekani kizimbani. Ukimnyonga mkataji umenyonga pia mdomo ambao ungeweza, siku moja, kumtaja aliyemtuma.

Si gharama kuwalisha maisha yao yote?

Wafungwa wanalima, na wengine, kama wa Karanga, wanashona viatu. Hoja ya ugali haitoshi kuamua uhai wa mtu.

Majirani wamefanyaje?

Kenya haijanyonga tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama yake ya Juu, katika shauri la Muruatetu, iliondoa ulazima. Uganda iliondoa ulazima 2009, na ikasema aliyekaa zaidi ya miaka mitatu bila kunyongwa adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Malawi iliondoa ulazima 2007. Burundi imefuta kabisa, 2009, Zambia 2022, Zimbabwe mwisho wa 2024. Kongo imekwenda upande mwingine: mwaka 2024 iliondoa usitishaji wake.

Ndugu yangu kahukumiwa kunyongwa wiki hii. Tufanye nini?

Kwanza, pole. Pili, siku zinahesabika: taarifa ya nia ya kukata rufaa iwekwe ndani ya siku 30 tangu hukumu. Akiwa gerezani anaweza kuiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo nendeni mkamuulize kama ameshatia dole au saini, msisubiri awaambie. Rufaa inasikilizwa na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, na serikali humpa wakili kama hana.

Hukumu yenyewe mtafute nakala. Nyingi zinapatikana bure mtandaoni, kwenye tovuti ya hukumu ya TanzLII. Isomeni polepole, hasa sehemu ya mashahidi, na muandike pembeni kila mahali mnapojua jambo lilikuwa tofauti. Msimpigie shahidi yeyote simu.

Rufaa ikishindikana kuna maombi ya mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame tena hukumu yake, ambayo sababu zake ni chache, na kuna huruma ya Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Kuomba huruma hakulipiwi. Atakayewaambia anahitaji laki tano ili jina lifike Ikulu ni tapeli, hata kama amevaa suti na mmekutana naye kwenye ngazi za mahakama. Kwenye kila barua wekeni jina kamili la mfungwa, namba yake ya gerezani, namba ya shauri la Mahakama Kuu na namba ya rufaa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.